Bawaba iliyofunga nusu: uchambuzi wa kisa cha umbo la DNA lililoundwa ili libadilike

Kisa hiki kinahusu timu ndogo ya watafiti iliyotaka kutengeneza bawaba ya DNA yenye mikono ya makumi ya nanomita, ambayo ingefunguka na kufungika kila inapoongezewa nyuzi fupi za DNA zilizoandaliwa kwa kazi hiyo. Nilishiriki kama mshauri wa usanifu tangu mchoro wa kwanza, na baadhi ya maamuzi ninayoyakosoa hapa chini niliyaunga mkono yalipofanywa. Mahali, majina, tarehe na kazi ambayo bawaba ilikusudiwa kuifanya vimeondolewa. Vipimo vya kiufundi nimeviacha, kwa kuwa ndivyo vinavyoeleza kwa nini mambo yalikwenda yalivyokwenda.

Usuli

Mwaka 1982 Nadrian Seeman, mtaalamu wa muundo wa fuwele, alipendekeza kwamba nyuzi za DNA zinaweza kupangwa zikutane katika makutano yasiyohama, na makutano hayo yakawa matofali ya kujengea maumbo. Njia iliyolieneza wazo hilo kwa watafiti wengi ilikuja mwaka 2006, Paul Rothemund alipochukua uzi mmoja mrefu wa kirusi M13, wenye nukleotidi 7,249 (vijenzi vya DNA, kila kimoja kikibeba besi moja), akaukunja kwa msaada wa nyuzi fupi zaidi ya 200. Kila uzi mfupi, ambao hapa nitauita kibanio, hujipachika katika sehemu mbili au tatu za uzi mkuu zilizo mbalimbali na kuzivuta ziwe jirani. Mpangilio wa besi ndio unaoamua nani akae na nani, kwa hiyo msanifu huchora umbo kwenye kompyuta, programu humpa orodha ya vibanio, navyo huagizwa vikiwa tayari, huchanganywa na uzi mkuu katika maji yenye magnesiamu, hupashwa moto na kupoozwa polepole. Ufundi huo huitwa origami ya DNA, kwa jina la ufundi wa Kijapani wa kukunja karatasi.

Umbo lisilosogea ni nusu ya habari. Mwaka 2000 Bernard Yurke na wenzake walikuwa wameshaonyesha koleo dogo la DNA linalofungwa kwa uzi mmoja na kufunguliwa kwa mwingine, na mwaka 2009 kundi la watafiti wa Aarhus, Denmark, lilitengeneza sanduku la origami lenye kifuniko kinachofunguka kwa nyuzi zilizofanya kazi ya ufunguo. Mbinu ya msingi katika yote mawili ni moja. Uzi A umeshikana na uzi B, lakini A una kipande kidogo cha ziada ambacho B haukifuniki. Uzi mgeni unaolingana na A wote, pamoja na kipande hicho, hujishikiza hapo kwanza, kisha husonga mbele besi kwa besi ukimsukuma B mpaka B aachie. Kipande hicho cha ziada, yaani kishikio, ndicho kinachoamua kasi: kila besi inayoongezwa huharakisha tukio kwa kiasi kikubwa, hadi kishikio kinapofikia besi sita au saba, ambapo kasi hufika kileleni.

Timu yetu ilikuwa na watu wanne. Wawili walikuwa na uzoefu wa kukunja maumbo tuli, mmoja alikuwa bingwa wa vipimo vya mwanga, na mmoja alikuwa anaanza. Hakuna aliyewahi kusanifu kitu kinachosogea.

Maamuzi ya mwanzo na sababu zake

Bawaba ilichorwa kuwa na mikono miwili inayofanana, kila mmoja ukiwa fungu la heliksi 18 (heliksi ni nyuzi mbili za DNA zilizosokotana) zilizolazwa sambamba katika safu tatu za heliksi sita. Heliksi ya DNA ina upana wa nanomita 2 hivi, na kila jozi ya besi huongeza urefu wa nanomita 0.34, hivyo heliksi zenye jozi 190 hivi zilitupa mikono ya nanomita 65. Mikono miwili ya namna hiyo humeza takriban nukleotidi 6,800 za uzi mkuu, na zilizosalia zilitosha kwa kiungo.

Tulijadili kwa siku kadhaa kama heliksi zipangwe kwa mfumo wa mraba au wa sega la nyuki. Mfumo wa mraba hutoa nyuso bapa zinazokutana vizuri, lakini hulazimisha heliksi izunguke mara moja kwa kila jozi 10.67, ilhali kwa asili huzunguka kwa jozi 10.5, na tofauti hiyo ndogo ikijumlishwa katika urefu wote hulipinda fungu kama kamba iliyosokotwa. Sega la nyuki linapatana na mzunguko wa asili. Tulichagua sega la nyuki, na uamuzi huo haukutuangusha hata mara moja.

Kiungo kilikuwa mstari mmoja wa vipande vifupi vya uzi mkuu ambavyo havikupewa kibanio. Uzi wa DNA ulio peke yake hulegea na kukunjika kwa urahisi, wakati heliksi kamili ni ngumu kiasi kwamba inahitaji urefu wa nanomita 50 hivi ndipo mtikisiko wa joto uweze kuipinda kwa namna inayoonekana. Tofauti hiyo ya ugumu ndiyo inayofanya bawaba iwezekane: mikono hubaki imenyooka na kiungo ndicho kinachochezacheza.

Uamuzi wa tatu ndio uliotugharimu. Ncha za heliksi zinapokomea pamoja kwenye ukuta mmoja, besi za mwisho hubaki wazi, na besi zilizo wazi hupenda kulaliana na besi nyingine zilizo wazi. Kila mtu anayekunja DNA analijua hili, kwa kuwa maumbo yasiyokingwa hugandana ncha kwa ncha na kutengeneza minyororo. Rothemund mwenyewe alilikuta na akaeleza dawa zake, ama kuviacha nje vibanio vya ukingoni ama kuviongezea mikia ya thimini nne (thimini ni mojawapo ya besi za DNA). Tuliongeza mikia hiyo kwenye ncha za nje za mikono yote miwili. Ncha za ndani, zile zinazopakana na kiungo, tuliziacha butu. Hoja ilikuwa kwamba bawaba nyingine haiwezi kuzifikia kirahisi kwa vile zimefichwa karibu na kiungo, na kwamba mikia hapo ingeweza kujaa na kuzuia mzunguko. Nilikubaliana na hoja hiyo bila kusita.

Kufunga kulikabidhiwa uzi wa nje. Kila mkono ulikuwa na uzi mfupi unaochomoza karibu na ncha yake ya nje, na uzi wa kufunga ulitakiwa kushika vyote viwili kama mtu anayeshika vishikizo viwili vya mlango. Kipimo kilikuwa rangi mbili zinazong'aa, moja kwenye kila ncha. Zikikaribiana, ya kwanza huihamishia ya pili nishati, na mwanga wa ile ya pili hupanda.

Yaliyotokea

Ukunjaji ulifaulu. Jeli ya agarosi, ambayo hutenganisha molekuli kwa ukubwa na umbo, ilionyesha mstari mmoja uliokoza, mpana kidogo kuliko tuliozoea kuuona kwa maumbo tuli, na tulifurahia ukolevu wake hata hatukujiuliza juu ya upana. Vibanio vilivyosalia viliondolewa, ukolezi ukapimwa, na jaribio la kwanza la kufunga likafanyika siku iliyofuata.

Mwanga ulipanda vizuri kwa dakika za mwanzo, kisha ukasimama karibu na nusu ya kiwango tulichokuwa tumekikokotoa kwa bawaba iliyofungwa kabisa. Tulisubiri usiku kucha. Asubuhi ulikuwa palepale. Tafsiri iliyokubalika mezani ilikuwa kwamba bawaba zote zimefunga, ila hazijabana. Kwamba mikono imekaribiana bila kugusana. Tafsiri hiyo iliongoza kila kitu kilichofuata kwa wiki tatu, na ilikuwa potofu.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuongeza uzi wa kufunga, kwa kuwa kama mikono haijabana vya kutosha, basi nguvu zaidi ingeibana. Dozi yake iliongezwa maradufu, kisha mara kumi ya idadi ya bawaba. Mwanga ulishuka. Tukauagiza uzi huo upya tukidhani ule wa kwanza ulikuwa na kasoro, na mpya ukafanya vilevile.

Hatua ya pili ilikuwa kupunguza magnesiamu. Mmoja wetu alihisi kuwa kuna kitu kimenasa mahali fulani, na kwa kuwa magnesiamu ndiyo inayoziwezesha heliksi zenye chaji hasi kuvumiliana, kuipunguza kungelegeza kilichonasa. Hisia yake ilikuwa sahihi kuliko tulivyoweza kujua wakati huo. Lakini magnesiamu ilipopungua, mikono nayo ilianza kusukumana, na bawaba zilizokuwa zimefunga zikaanza kuachia. Mwanga ulishuka zaidi, na njia iliyokuwa karibu na ukweli ikaachwa.

Mwishowe tuliomba nafasi kwenye hadubini ya elektroni. Picha za kwanza zilionyesha vitu vya aina mbili. Vya aina ya kwanza vilikuwa vifupi na vinene, vyenye urefu wa nanomita 65 hivi, navyo vilikuwa bawaba zilizofungwa barabara. Vya aina ya pili vilikuwa fimbo nyembamba zilizonyooka. Mjadala wa kwanza mbele ya skrini ulikuwa kwamba fimbo hizo ni bawaba zilezile zilizolala kwa ubavu, na tungeweza kuishia hapo kama yule mwenzetu aliyekuwa anaanza asingechukua rula ya programu na kuzipima moja baada ya nyingine. Urefu wake ulikuwa karibu nanomita 130. Bawaba iliyolala kwa ubavu haiwezi kurefuka mara mbili. Katikati ya kila fimbo, mtu akitazama kwa makini, kulikuwa na ufa mwembamba: kiungo. Hizo zilikuwa bawaba zilizofunguka hadi digrii 180 na kukwama hapo. Zilizo katikati, zenye pembe za kati kwa kati ambazo tafsiri yetu ilizihitaji, zilikuwa chache mno.

Kwa nini zilikwama

Bawaba inaponyooka kabisa, ncha za ndani za mkono mmoja hutazamana uso kwa uso na ncha za ndani za mkono wa pili, heliksi kwa heliksi, kwa mpangilio sahihi kuliko ambavyo maumbo mawili yanayoelea yangeweza kuupata kwa bahati. Mvuto wa jozi moja ya ncha butu ni mdogo na hufunguka wenyewe, lakini hapa palikuwa na zaidi ya heliksi kumi zinazolaliana kwa pamoja, na kiungo kikizishikilia zisipotee njia. Tulikuwa tumejenga kufuli bila kukusudia. Maabara ya Hendrik Dietz mjini Munich ilichapisha mwaka 2015 kazi iliyotumia mvuto huuhuu kwa makusudi, ikitengeneza maumbo yanayoshikana na kuachana kwa kubadilisha tu ukolezi wa chumvi au joto. Tulikuwa tunaifahamu kazi hiyo. Tuliihesabu kuwa mbinu ya wengine, hatukuihesabu kuwa onyo kwetu.

Kushuka kwa mwanga baada ya kuongeza dozi kulikuwa na sababu nyingine kabisa. Uzi wa kufunga unahitaji kushika pande zote mbili. Ukiwa mchache, unaposhika mkono mmoja, upande wake wa pili hutafuta na kuukuta mkono wa pili ukiwa mtupu. Ukiwa mwingi, kila mkono hujipatia uzi wake, na mikono miwili iliyokwisha kushikwa haina tena sababu ya kukutana. Kadiri tulivyomimina, ndivyo tulivyozifunga bawaba chache. Matatizo mawili yalikuwa yamepandana, na kila dawa ya moja ililichochea jingine au kulificha.

Marekebisho

Kabla ya kuagiza chochote kipya tulifanya jaribio ambalo halikuhitaji kununua kitu. Tuliikunja bawaba ileile bila vibanio vinavyomalizia ncha za ndani, ili uzi mkuu ubaki umelegea hapo na kusiwe na besi za jozi za kulaliana. Fimbo karibu zote zilitoweka kwenye picha, na bawaba zenye pembe mbalimbali zikaonekana. Hapo ndipo tulipoagiza vibanio vya ncha za ndani vyenye mikia ya thimini nne. Hofu ya kwamba mikia ingejaa na kuzuia mzunguko haikutimia. Ilifanya kile hasa tulichokitaka, kuzizuia nyuso hizo zisigusane.

Kuhusu uzi wa kufunga, tungeweza kupima dozi kwa uangalifu na kubaki karibu na uzi mmoja kwa bawaba moja. Tuliona ni bora kuliondoa tatizo lenyewe katika usanifu. Uzi wa kufunga ulifanywa kuwa mkia wa kudumu wa kibanio kimojawapo kwenye mkono wa kwanza, na mkono wa pili ukapewa mkia unaolingana na sehemu yake, ukiacha kishikio cha besi nane. Bawaba ikawa inajifunga yenyewe mara inapokunjwa. Kuifungua kulihitaji uzi wa kufungua unaolingana na mkia wa kwanza wote, na kuifunga tena kulihitaji uzi wa tatu unaoushika ule wa kufungua kwa kishikio chake na kuuondoa. Mikono haiwezi tena kujazwa, kwa kuwa hakuna uzi wa kufunga unaoelea.

Badiliko la mwisho lilihusu kipimo. Jozi ya pili ya rangi iliwekwa kwenye sampuli tofauti, karibu na kiungo, mahali ambapo zinakaribiana bawaba inaponyooka na kuachana inapofunga. Tangu hapo kila jaribio lilifanywa kwa sampuli zote mbili.

Matokeo

Toleo la pili lilifungika na kufunguka, na picha za hadubini zilikubaliana na vipimo vya mwanga kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze. Jeli ilionyesha mstari mwembamba. Kasi ya kufunguka ilipungua kidogo tulipolinganisha na nyuzi zilezile zikiwa huru majini, jambo linaloeleweka, maana kishikio kilichobanwa kati ya mikono miwili hakifikiki kirahisi.

Mizunguko ya kufungua na kufunga ilipoongezeka, kimo cha mwanga kilipungua hatua kwa hatua. Sehemu ya upungufu huo ni ujazo: kila nyongeza ya uzi huzimua sampuli. Sehemu nyingine ni hesabu isiyolingana, kwa sababu kosa dogo la kipimo katika uzi wa kufungua hubaki majini na kupambana na mzunguko unaofuata. Taka zenyewe, yaani jozi za nyuzi zilizokwisha kushikana, hazina madhara makubwa, ila hazitoki.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni usanifu wa mikono, uchaguzi wa sega la nyuki, kiungo cha uzi uliolegea, na uamuzi wa kujaribu kwa kuacha vibanio nje kabla ya kuagiza vipya. Huo wa mwisho nauthamini kuliko mingine. Jaribio lililogharimu alasiri moja lilitenganisha sababu mbili ambazo wiki tatu za kurekebisha dozi na chumvi zilikuwa zimezichanganya.

Kilichoshindwa kwanza ni kipimo, na kinastahili kuelezwa kwa hesabu. Uwezo wa rangi moja kuihamishia nyingine nishati hushuka kwa kipeo cha sita cha umbali. Kwa jozi ya rangi ambayo uhamishaji wake hufika nusu katika nanomita 5.5, kuongeza umbali hadi nanomita 11 hushusha uhamishaji chini ya asilimia 2. Kwa mikono ya nanomita 65, ncha hufika umbali huo bawaba inapofunguka digrii 10 tu. Maana yake, rangi zetu zilijua jambo moja pekee, kama bawaba imefungwa au la. Kwao digrii 20 na digrii 180 zilikuwa kitu kimoja. Tafsiri ya "imefunga ila haijabana" ilidai kipimo kiseme jambo ambalo hakikuwa na uwezo wa kulisema. Hesabu hii ni ya mistari mitatu, na kama ingefanywa siku mwanga uliposimama kwenye nusu, ingeonyesha kuwa ili bawaba zote zitoe nusu ya mwanga, zingepaswa kupanga foleni kwenye pembe moja nyembamba ya digrii tano hivi. Maelezo ya kawaida zaidi ya nusu ni kwamba nusu ya bawaba zimefunga na nusu hazijafunga.

Cha pili ni namna tulivyofikiri juu ya umbo. Tulichora hali mbili, wazi na iliyofungwa, na kuzikagua kila moja kana kwamba ni umbo tuli. Digrii 180 haikuwa hali tuliyoikusudia, kwa hiyo haikuchorwa, na kwa kuwa haikuchorwa, hakuna aliyeona kwamba ncha za ndani zingetazamana hapo. Lakini kitu chenye kiungo kilicholegea, kinachotikiswa na joto usiku na mchana, kitapita kila pembe inayowezekana, na palipo na mvuto kitatulia. Sasa kabla ya kuagiza vibanio naizungusha bawaba kwenye skrini kwa hatua za digrii 15 na kuuliza katika kila hatua ni nyuso zipi zinagusana na kama zina ncha butu. Uigaji wa mwendo wa molekuli kwa modeli iliyorahisishwa, kama ule wa oxDNA, unazingatia kulaliana kwa besi na ungeweza kutuonyesha kufuli hiyo. Tuliutumia kwa hali mbili tulizozichora tu.

Cha tatu kinahusu mpangilio wa kazi. Hadubini iliwekwa mwisho kwa sababu nafasi yake ni adimu na mwanga hupimwa mezani kwa dakika. Hata hivyo mwanga hutoa wastani wa mabilioni ya bawaba kwa pamoja, na wastani hauwezi kutofautisha kundi moja lililo katikati na makundi mawili yaliyo kwenye pande mbili za mbali. Jeli ilikuwa imetudokeza hilo tangu siku ya kwanza, kwa upana wa mstari wake, maana bawaba iliyonyooka na ile iliyojikunja hazipiti kwenye matundu ya jeli kwa mwendo mmoja.

Limebaki jambo moja ambalo toleo la pili halikulitatua. Sehemu ndogo ya bawaba hubaki imefungwa hata uzi wa kufungua unapozidishwa, na safari hii jozi ya rangi iliyo karibu na kiungo inathibitisha kwamba hazijanyooka. Tunashuku kuwa zinakosa kibanio chenye kishikio, au zimekunjwa na kibanio ambacho utengenezaji wake uliishia njiani na kuacha mkia mfupi. Tumeagiza kibanio hicho kimoja kikiwa kimesafishwa kwa ubora wa juu, ili tuikunje bawaba mara mbili kutoka chungu kimoja cha vibanio, mara moja kwa kile cha zamani na mara moja kwa kipya, na kuhesabu kwenye picha ni ngapi zinabaki zimefungwa.